Kodi ya Ng'ambo ya Kijito

Daktari alifunua shuka mpaka kifuani, akasogea pembeni ili Sajenti Kagaruki aone mwenyewe.

Marehemu aliitwa Clavery. Alikuwa karani wa boma la Bukoba, kijana ambaye hakuwa ameoa bado, na wiki iliyopita alitumwa kusini, njia ya Muleba, kulinganisha kodi ya nyumba ya magombolola mawili, maeneo ya utawala wa machifu wadogo, yanayopakana: Rwenkende na Irumuka. Ijumaa asubuhi alikutwa amekufa ukingoni mwa kijito kinachoyatenganisha, upande wa Rwenkende. Mpaka jioni ya siku hiyo mtu alikuwa ameshakamatwa, na mkubwa wa Kagaruki alitaka jalada lifike kwa hakimu kabla wiki haijaisha.

"Jalada linasema alikatwa panga," Kagaruki alisema.

"Aliyeandika jalada hakuja hapa kumwangalia." Daktari aliinamisha taa. "Panga huingia. Linaacha jeraha jembamba na la kina. Kitu hiki kilitua juu ya fuvu kwa uzito wake, kikapasua ngozi na kuvunja mfupa. Halafu tazama mstari wenyewe. Haukunyooka. Umepinda, ukarudi, ukapinda tena."

"Jembe?"

"Jembe lina upinde mmoja."

"Sasa ni nini?"

"Kitu chembamba, kizito, chenye kutu kidogo. Zaidi ya hapo utajua wewe. Mimi nasoma mwili tu."

Kagaruki aliandika, kisha akauliza kama mtu huyu alikufa pale pale alipopigwa.

"Hapana. Damu ilivujia ndani taratibu. Aliishi usiku mzima, au karibu yake." Daktari alionyesha mikono ya marehemu. Kucha zilijaa tope jeusi. Kwenye kiti palikuwa na suruali yake, magoti yamechanika. "Alitambaa. Angeletwa hospitali yoyote jioni ile, pengine leo angekuwa anakueleza haya mwenyewe."

Akamfunika.

Kutoka hospitali Kagaruki alipitia stoo ya vielelezo ya polisi. Baiskeli ya Clavery ilikuwa imeegemezwa ukutani, na kikaratasi kimefungwa kwenye usukani: ilikutwa ndani ya mafunjo, hatua chache kutoka kwenye maiti. Alichuchumaa akayazungusha magurudumu. Mipira ilikuwa na vumbi jekundu la barabara ya juu, limekauka. Hakukuwa na tone la tope jeusi, si kwenye mipira, si kwenye mnyororo.

Alisimama akaenda mahabusu.

Datius alikuwa amekaa sakafuni, mgongo ukutani. Alikuwa mkulima wa Rwenkende, mtu wa mabega mapana, na uso wake ulikuwa umevimba upande mmoja. Kagaruki hakuuliza nani aliuvimbisha. Alijua zamu ya Ijumaa ilikuwa ya nani.

"Ulisema barazani kwamba karani akija kwenu atarudi amebebwa."

"Nilisema."

"Mbele ya watu?"

"Mbele ya gombolola zima. Nilikuwa nimekunywa rubisi, lakini hata bila pombe ningesema."

"Kwa sababu gani?"

"Afande, sisi Rwenkende nyumba ni shilingi kumi na mbili, iwe ya bati, iwe ya nyasi. Mjane asiye na mtoto mkubwa wa kiume hadaiwi. Vuka kijito uingie Irumuka. Nyumba ya nyasi kumi na tano, ya bati thelathini, na mjane analipa kama mwanamume. Mvua yetu ni moja. Kahawa yetu inanunuliwa kwenye mzani mmoja. Halafu analetwa karani kulinganisha. Wewe umeshaona wapi wakalinganisha, wakashusha?"

Kagaruki alifunua ukurasa mwingine wa daftari. "Alhamisi ulikuwa wapi?"

"Kwenye kibanja changu, napogoa migomba. Muulize mke wangu Anatolia. Huyo hasemi uongo hata kwa faida yake."

"Mke ni shahidi dhaifu."

"Basi nitanyongwa," Datius alisema kwa sauti ya kawaida. "Lakini kabla sijanyongwa, mtu aniambie jambo moja. Aliyeokota maiti ni Privatus, mkungu, mkuu wa kijiji cha kule Irumuka. Maiti ilikuwa kwetu. Mtu wa ng'ambo amewezaje kuiona alfajiri, wakati sisi wenye ardhi hatujaamka?"

Kagaruki alifunga daftari. Swali hilo lilikuwa halimo kwenye jalada.

*

Waliondoka Bukoba na Landrova asubuhi hiyo hiyo, Kagaruki na Konstebo Burhani, mzaliwa wa mjini ambaye alijua kupiga taipu na kuandika kwa haraka kuliko yeyote kituoni. Baada ya Muleba waliiacha barabara kubwa wakapita juu ya rweya, nyika ya nyasi fupi isiyo na mti, kisha njia ikateremka kwenye migomba ya Rwenkende. Waliliacha gari nyumbani kwa Datius. Kutoka hapo ni miguu.

Anatolia aliwapeleka kijitoni. Alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, na alitembea mbele yao bila kugeuka.

"Alilala hapa," alisema. "Kifudifudi."

"Kichwa kilielekea wapi?"

"Majini."

"Una hakika?"

"Nilimfunika kwa kanga yangu, waitu. Nina hakika."

Kagaruki aligeuka akatazama walikotoka. Moshi wa majiko ya Rwenkende ulionekana vizuri, karibu kabisa. Mtu aliyepigwa huku na kutafuta msaada angetambaa kuelekea moshi ule. Huyu aliupa mgongo. Alikuwa anarudi Irumuka.

Kijito chenyewe hakikuwa kipana, lakini pande zote mbili palikuwa na tope jeusi linalozamisha mguu. Kivuko kilikuwa gogo moja lililolazwa. Burhani alijaribu kusimamisha fimbo ndani ya tope, ikazama mpaka nusu.

"Baiskeli haipiti hapa, afande."

"Haikupita. Ilibebwa, na aliyeibeba aliiweka juu ya mafunjo yaliyolala. Na huwezi kuvuka gogo hili ukiwa na mtu begani na baiskeli mkononi."

"Basi ni watu wawili."

"Au mmoja aliyerudi mara ya pili. Lakini mtu anayerudi mara ya pili ana muda, na mwenye muda angeitupa baiskeli majini. Hawa walikuwa na haraka." Akamgeukia Anatolia. "Ng'ambo ile pana nyumba moja tu karibu. Ya nani?"

"Ya dada yangu, Kokuhirwa. Tumbo moja." Anatolia alitazama paa la nyasi lililochungulia katikati ya migomba. "Mumewe alikufa mwaka juzi. Yule mkungu, Privatus, ni mdogo wa marehemu."

"Mnaonana?"

"Kila siku. Yeye huja kuchukua moto kwangu, mimi huenda kuchukua chumvi kwake." Alilionyesha gogo kwa kidevu. "Tangu mume wangu achukuliwe hajavuka. Hata kunipa pole hajaja. Na jana omwami wetu, mkuu wa gombolola, ametangaza barazani kwamba kwa kuwa karani ameuawa kwetu, mwaka huu na sisi tutalipa thelathini. Watu wananiangalia mimi. Mke wa Datius. Nilimtegemea dada yangu aje tu akae nami mlangoni."

Kagaruki alimshukuru, akalikanyaga gogo.

*

Privatus aliwapokea juu ya kilima akiwa na kanzu safi na koti, fimbo ya cheo chake mkononi. Alikuwa mtu mchangamfu, mwepesi wa kujibu, na alijibu hata maswali ambayo hayajaulizwa.

"Karani alilala hapa kwetu Jumatano, waitu, kwenye nyumba ya wageni ya gombolola. Alhamisi alivuka kwenda Rwenkende. Nyumba zetu angezihesabu Ijumaa, tarumbeta ilishapigwa, watu walishaambiwa. Alhamisi hakurudi. Ndiyo hivyo, Datius."

"Alivuka na baiskeli?"

Privatus alisita. "Kama alikwenda nayo, alivuka nayo."

"Wewe ulimwonaje alfajiri?"

"Nilikwenda kutazama migono yangu. Natega kambare."

"Upande wa Rwenkende?"

"Kijito ni cha wote."

"Nionyeshe migono."

"Imeshaondolewa. Samaki wamekuwa haba."

Kagaruki aliitikia kwa kichwa kana kwamba ameridhika. "Sawa, Ta Privatus. Tutembee kidogo. Nataka kuona nyumba ambazo marehemu angezihesabu."

Walipita kibanja hadi kibanja. Nyumba zilikuwa za nyasi, moja baada ya nyingine, na kahawa ilikuwa imeanikwa kwenye mikeka kila ua. Bei ya kahawa mwaka ule ilikuwa haijawahi kuonekana. Bukoba mjini wafanyabiashara wa bati walikuwa wanaishiwa mzigo kila mwezi. Burhani alitazama mapaa, akamtazama mkungu.

"Gombolola zima hakuna bati?"

"Watu wetu ni maskini, mwanangu."

Nyumba ya Kokuhirwa ilikuwa ya mwisho, karibu na bonde. Kuta zake zilikuwa zimepakwa chokaa na madirisha yalikuwa na milango ya mbao. Paa lake lilikuwa la nyasi, kama mengine.

Mwenye nyumba alitoka, akapiga magoti kuwasalimu. Alifanana na dada yake, ila macho yalikuwa mekundu. Aliwaletea kahawa za kutafuna ndani ya kikapu kidogo. Kagaruki alichukua moja, akaizungusha vidoleni, lakini alikuwa anatazama chini.

Usiku uliopita mvua ilikuwa imenyesha. Chini ya upenu, kwenye udongo mgumu uliokanyagwa miaka mingi, palikuwa na safu ya vishimo vidogo. Vilikwenda sawasawa kutoka kona moja ya nyumba hadi nyingine, vimepishana kwa nafasi moja, kama vimechimbwa kwa kipimo. Ndani ya vishimo kulikuwa na changarawe iliyooshwa. Na juu ya udongo, ovyo ovyo, ndani ya vishimo na nje yake, zilikuwa alama za matone ya mvua ya jana.

Kagaruki alichuchumaa. Aliweka kidole ndani ya kishimo kimoja, halafu kingine.

"Paa lako ni jipya, Ma Kokuhirwa."

"Nyasi za zamani zilikuwa zimechakaa, waitu."

"Ziko wapi?"

Mwanamke aliinamisha kichwa. Privatus alijibu. "Tulizichoma."

"Nyasi hudondosha maji popote. Bati hudondosha kwenye mfereji wake, mahali pale pale, mvua hadi mvua. Vishimo hivi vimechimbwa na miaka. Matone haya ni ya usiku mmoja."

Hakungoja jibu. Aliingia ndani, akasimama katikati ya sebule, akatazama juu. Mbao zilizobeba paa zilikuwa chache, zimeachana kwa hatua nzima, na zilikuwa na matundu ya misumari katika mistari miwili. Katikati yake zilifungwa fito nyembamba ili nyasi zishike. Fito zilikuwa bado na maganda mabichi.

"Burhani," aliita kutoka ndani. "Chukua fimbo ya mkungu. Pita kwenye migomba udunge matandazo."

Privatus aliikabidhi fimbo yake mwenyewe. Hakuwa na namna. Walimsikia Burhani akidunga majani makavu ya migomba, taratibu, akihama kutoka shina hadi shina. Halafu fimbo ilitoa mlio.

Mabati yalikuwa yamelazwa kwa uangalifu, moja juu ya jingine, yamefunikwa kwa majani. Moja halikuwa pamoja na mengine. Lilikuwa limesukumwa peke yake chini ya mti wa mwisho wa kahawa, na lilikuwa limesuguliwa kwa mchanga na majivu upande mmoja mpaka likang'aa. Kagaruki alilisimamisha. Alipitisha kidole kwenye ukingo wake wa mwisho. Ulipinda, ukarudi, ukapinda tena.

"Mfunge pingu," alimwambia Burhani.

Privatus alinyoosha mikono bila kubisha. "Liliteleza," alisema. "Nilikuwa juu ya paa. Shemeji yangu alikuwa chini anapokea. Karani alitokea kwenye kona bila kupiga hodi, nikashtuka, likaniponyoka. Mtu anafungwa kwa bati kuteleza?"

"Bati pengine ni ajali. Kumbeba ng'ambo ya kijito, je?"

"Mimi ni mkungu, waitu. Mimi ndiye ninayewatoza. Karani afie nyumbani kwa kaka yangu, chini ya paa linalofichwa kukwepa kodi, na mimi niko juu yake? Ningefukuzwa siku hiyo hiyo."

"Kwa hiyo ukampa Datius."

"Datius alijipa mwenyewe. Alisema barazani."

"Clavery alikuwa hai."

"Alikuwa amekufa."

"Alitambaa usiku kucha. Daktari ameona magoti yake."

Privatus alimtazama shemeji yake, kisha akatazama mbali. "Mimi nilijua amekufa," alisema polepole, kila neno peke yake. "Hakupumua. Na shemeji aliona. Muulize."

Askari wa gombolola alikuwa amefika, amevutwa na mlio wa mabati. Kagaruki alimkabidhi Privatus ili aketi naye kwenye ua wa nje, mbali na masikio.

*

Waliketi watatu sebuleni, juu ya nyasi safi zilizotandazwa sakafuni. Burhani aliweka karatasi juu ya goti.

"Datius atatoka?" Kokuhirwa aliuliza.

"Atatoka leo."

"Hata nisiposema kitu?"

"Hata usiposema. Jeraha, bati na baiskeli vinatosha kumtoa." Kagaruki alivua kofia, akaiweka pembeni. "Nakuambia hivi kwa mujibu wa sheria, Ma Kokuhirwa. Hulazimiki kusema lolote. Ukisema, litaandikwa, na litasomwa mahakamani. Umenielewa?"

"Nimeelewa."

"Mkungu anasema alidhani karani amekufa."

Nje mtu alikuwa anapiga kahawa kwenye kinu, akaacha, akaanza tena.

"Alipumua," Kokuhirwa alisema. "Nilimwambia Privatus, huyu anapumua, tumpeleke kwa mapadri wana dawa. Akasema, tukimpeleka atasema ametoka wapi. Akasema, ngoja, atakufa sasa hivi. Tukangoja. Jua likazama, hakufa. Tukambeba. Mimi nilibeba baiskeli."

Burhani aliandika.

"Uliwahi kumkatalia mkungu?"

"Nyumba hii ni ya kaka yake. Mimi ni mjane, sina mtoto wa kiume. Akisema nitoke leo, natoka leo. Mwaka jana niliuza ng'ombe wangu wa mwisho kulipa thelathini. Mwaka huu alisema atanisaidia, tutatoa bati siku moja kabla ya kuhesabiwa, nitalipa kumi na tano, kisha tutarudisha. Wote walifanya hivyo. Wote unaowaona."

"Clavery alikuwa anahesabu Ijumaa. Kwa nini alikuja kwako Alhamisi?"

Mwanamke alijifuta uso kwa kiganja.

"Sikujua siku hiyo. Nilijua alfajiri ya kesho yake."

Kalamu ya Burhani ilisimama.

"Sikulala," Kokuhirwa alisema. "Kabla hakujapambazuka nilichukua kibuyu cha maji, nikavuka. Mahali tulipomwacha hakuwapo. Nikamsikia. Alikuwa ameshatambaa mpaka karibu na gogo. Nikamgeuza, nikampa maji, akanywa. Alinijua. Nikamuuliza, mwanangu, ulikuja kutafuta nini kwangu? Akasema Jumatano alizungumza na omwami wetu. Alimwonyesha kwamba ng'ambo wajane hawalipi, na omwami alikubali kuandika kwa Bwana Shauri kule bomani, mwaka huu na sisi tusilipe. Alisema alipita kuniambia mapema nisije nikauza kitu." Alitazama fito za paa. "Hakuja kuhesabu. Hata juu hakutazama. Alisema hakuona paa, aliona miguu ya mtu tu."

"Halafu?"

"Nikakaa naye. Sikuita mtu. Moshi wa kwa dada yangu ulikuwa umeanza kuonekana, ningepiga kelele mara moja Anatolia angesikia. Sikupiga. Alipokata roho nilimlaza kama alivyokuwa amelala, nikarudi, nikamwambia Privatus sasa amekufa kweli. Ndipo akaenda kumwokota."

Burhani alimtazama mkubwa wake. Alisogea karibu akasema kwa sauti ya chini, kwa Kiswahili cha haraka cha mjini, kana kwamba mama yule asingeelewa. "Afande, hili la alfajiri hakuna shahidi. Bila hili yeye ni mwanamke aliyetishwa na shemeji yake, atapata miaka michache. Tukiliandika, alimkuta hai, peke yake, hakuna wa kumtisha, na hakuita mtu. Yale maji aliyompa ndiyo yatakayomfunga."

"Najua."

"Niandike?"

Kagaruki alimgeukia Kokuhirwa. "Umesikia anachoniuliza?"

"Nimesikia."

"Unasemaje?"

"Mlitaka kujua alikuja kwa nini. Huwezi kuliandika hilo bila kuandika maji."

"Andika," Kagaruki alisema.

Burhani aliandika. Alipomaliza alimsomea, na mahali pawili mwanamke alimsahihisha: hakusema "nilimwonea huruma", na kibuyu hakikuwa kikubwa. Akaweka dole gumba. Kisha alizima moto jikoni, akafunga mlango, akamwuliza Kagaruki ufunguo ampe nani. Hakuwapo wa kumpa. Kagaruki alimwambia aje nao.

Askari wa gombolola alitangulia na Privatus. Habari zilikuwa zimeshavuka. Watu walisimama kimya kando ya vibanja vyao, na hakuna aliyetazama paa la mwenzake. Kijitoni Kokuhirwa alisita.

"Gari mmeliacha wapi?"

"Kwa Datius."

"Hakuna njia nyingine?"

"Hakuna."

Walivuka mmoja mmoja. Upande wa pili Anatolia alikuwa amesimama kwenye njia nyembamba inayopanda nyumbani kwake, mikono imelegea. Alikuwa ameambiwa yote au sehemu ya kutosha. Privatus alipita, hakumtazama. Kisha alikuja dada yake, katikati ya Kagaruki na Burhani, ufunguo mkononi. Kokuhirwa alifungua mdomo kumsalimu.

Anatolia alitoka njiani, akasimama kwenye majani, akawapisha kama wanavyopishwa wageni. Walipomaliza kupita alirudi njiani, akateremka kijitoni kuteka maji, maana mumewe alikuwa anarudi na angetaka kuoga.